Daftari la Madeni, Juma la Kwanza

*Jumatatu*
Mchezo mpya umefika Birere ndani ya soksi,
umevuka mpaka wa Gisenyi bila kuulizwa jina.
Nimewasha jenereta. Mia tano, dakika ishirini.
Kwenye kioo: mtoto mwenye taa kifuani,
pango jeusi, kimya.
Hakuna mshale. Hakuna sauti ya kusema pita huku.
Muhindo, pikipiki yake inanguruma mlangoni,
alishika maneti kama usukani,
akakimbia, akaruka, akafa.
Akafa tena kabla hajameza mate.
Mara kumi na moja; nimehesabu kwa njiti za kiberiti.
"Uyu mutu alitengeneza hii mchezo," akasema,
"iko na deni yangu."
Nikaandika: Muhindo, mia tano. Hajalipa.

*Jumanne*
Kambale anauza makaa.
Kitufe cha kuruka kimebaki cheusi,
nimekisugua kwa mate, kimekataa.
Anausifu mchezo, ila anasema una kiburi:
"Mlango nimeonyeshwa saa ya kwanza,
ufunguo nitaonyeshwa nikiwa babu?"
Tukapasua boksi la biskuti, tukachora ramani
kwa kipande cha kaa kutoka mfukoni mwake.
Kila aliyekufa aliweka msalaba alipofia.
Kufika jioni, daraja halikuonekana tena,
lilikuwa makaburi matupu.
Nzigire, aliyekuja kumfuata mdogo wake,
aliuliza huyo nyoka wa darajani ana kosa gani.
"Si ninyi mmeingia kwake?"
Hatukumjibu. Nyoka alitujibu.

*Jumatano*
Umeme hakuna. Mafuta hakuna.
Walikuja vilevile, wakakaa mbele ya kioo kilichozimika
wakibishana: kuruka kwanza au kuinama kwanza.
Paluku aliinuka kuonyesha kwa mwili wake,
akagonga kichwa kwenye bati.
Nikasema huo nao ni msalaba, uchoreni.

*Alhamisi*
Nsimire wa Ndosho huja kuchaji simu tu.
Leo alitoa mia tano, noti imekunjwa mara nne.
Hakukimbia. Alitembea
kama anayetafuta sindano sakafuni,
na kila ukuta aliugonga kwa fimbo.
Wavulana wakacheka: ukuta hauna damu, dada!
Akasema bila kugeuka,
"Baba anachimba vyoo.
Kwetu chini ni mawe yaliyomwagika kutoka mlimani,
huchimbi popote upendapo.
Anagonga mtaimbo, anasikiliza.
Penye mwamba, jiwe linalia.
Penye uwazi, linapumua."
Ngo.
Ngo.
Ngo.
Dakika zake zilikuwa zinakwisha, nami nikazisahau.
Ngo.
Bo.
Hata mimi nilisikia, kupitia spika iliyopasuka.
Akagonga tena, ukuta ukashuka kama unga,
na ndani kulikuwa na maji,
maji mengi ya kijani, hayana adui,
na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu
mchezo ukapiga muziki.
Mtoto wa taa akakaa ukingoni. Hakuna aliyembonyeza.
Nje, Muhindo alikwenda kuzima pikipiki.

Ndipo jenereta likakohoa.

Hakuwa amehifadhi. Hatukujua kwamba kuna kuhifadhi.
Kambale akatukana mama wa mtu asiyejulikana.
Nsimire akachomoa simu yake,
asilimia thelathini na moja, akatazama, akaenda.
Juu ya boksi, mbali na misalaba yote,
alikuwa amechora duara dogo. Sikumwona akilichora.

*Ijumaa, usiku*
Nimefunga mlango kwa komeo.
Nimepunguza sauti ili jirani asidhani nina wateja.
Nimekufa darajani mara tatu.
Hapo kwenye duara bado sijafika,
lakini nimeanza kugonga kuta,
hata huu wa mbao nilioegemea.
Nimeandika: mimi mwenyewe, mia tano.
Sijalipa.